Msumeno Mkubwa Kuliko Mti

Anayekwenda Bukoba kutafuta mashine kuukuu na apande MV Victoria. Meli hiyo iliundwa Scotland, ikaletwa kwa vipande hadi Kisumu, ikaunganishwa pale na kuanza kazi mwaka 1961. Mwaka 2014 ilisimama, na wengi wetu wa kandokando ya ziwa tukaifuta katika hesabu. Mwaka 2020 ikarudi majini ikiwa na injini mpya na jina refu kuliko la kwanza: MV New Victoria Hapa Kazi Tu. Sijamsikia abiria akiuliza ni bati lipi la zamani na lipi jipya. Kinachoulizwa bandarini Mwanza ni saa ya kuondoka na kama nafasi bado zipo.

Usiku nilipoipanda kwenda Bukoba, jirani yangu kwenye benchi alikuwa mama anayeuza ndizi Mwanza, akirejea kwao kufuata mzigo mwingine. Aliniuliza ninafuata nini Bukoba. Nikamwambia: chenso za zamani.

"Za zamani, yaani mbovu?"

"Hapana mama, za zamani tu."

"Na miti ya kukata unayo?"

"Sina."

Akacheka, akajifunika khanga, akalala.

Swali lake lilikuwa la haki. Nyumbani nina kibanda ninamoweka mashine za kazi zilizokwisha muda wake: cherehani za kukanyaga, pampu za mkono, mizani za pamba. Msumeno wa mnyororo, yaani chenso, sikuwa nao. Ulaya na Marekani wako watu wanaoikusanya misumeno hii kwa mapenzi makubwa. Huifungua hadi skrubu ya mwisho, huirudishia rangi yake ya kiwandani, kisha huiwasha mara mojamoja mbele ya wenzao, wakaisikiliza na kuirudisha kwenye rafu. Kwetu sikuwahi kumkuta mtu mwenye chenso ya kutazama. Lakini wauza mbao wa Mwanza walikuwa wameniambia kwamba Kagera bado kuna Stihl 070 zinazofanya kazi, nami nilitaka moja.

Nieleze kidogo kwa nini hiyo. Andreas Stihl alifungua karakana yake Stuttgart mwaka 1926, na misumeno ya enzi hizo ilibebwa na watu wawili. Kabureta zake zilikuwa na boya ndani, kwa hiyo ukiulaza msumeno ubavu, petroli inakwenda kombo na injini inazima. Mambo yalibadilika ilipokuja kabureta ya kiwambo, inayovuta petroli hata mashine ikiwa kichwa chini. Mwaka 1959 kiwanda hicho kikatoa Contra, msumeno ambao mtu mmoja aliweza kuushika na kufanya nao kazi msituni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikafuata 070, yenye injini ya sentimita za ujazo 106, sawasawa na ya bodaboda ndogo, isipokuwa hii hubebwa mikononi. Ina uzito wa zaidi ya kilo kumi kabla hujafunga upanga na cheni. Ulaya ilihamia mapema kwenye mashine nyepesi, lakini 070 iliendelea kuundwa Brazil kwa ajili ya misitu ya nchi za joto, ambako magogo yalikuwa bado manene na fundi wa karibu alikuwa mbali.

Nyuma ya soko la Bukoba nilielekezwa kwenye karakana moja yenye meza ya ubao mnene uliolowa oili. Makopo ya maziwa ya unga yalipangwa ukutani, kila moja na kazi yake: skrubu, springi, beringi, plagi zilizochoka. Fundi alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea na kazi. Alishika mpini wa kamba ya kuwashia, akaiinua mashine nzima ikining'inia kwenye kamba ile. Mashine ikatulia hewani, kisha ikashuka taratibu, hatua kwa hatua, kadiri pistoni ilivyopita.

"Hii bado ina pumzi," akamwambia kijana anayejifunza kwake. "Ingeshuka kama ndoo kisimani, tungesema ringi zimekwisha."

Nilikaa pale hadi jua lilipoinama. Kwa mujibu wa fundi yule, chenso haifi kwa uzee, inauawa. Muuaji wa kwanza ni petroli isiyo na oili ya kutosha, kwa sababu injini ya aina hii haina kisima cha oili. Kilainishi chake chote huja kimechanganywa na petroli. Wa pili ni hewa ya wizi. Sili za krenki zikikauka, injini huvuta hewa pembeni, mchanganyiko unakuwa mwepesi, mlio unapanda na kuwa mwembamba, mwenye mashine anafurahi kwamba leo ina nguvu, na baada ya muda mfupi pistoni inakwaruza silinda na kunasa. Wa tatu ni vumbi la mbao linalopita kwenye chujio lililochanika. "Mteja anakuja na maiti," akasema, "halafu anasema ilizima tu yenyewe."

Nikaiona kwenye rafu ya juu. Stihl 070, kava lake la kichwa halijapasuka, maandishi bado yanasomeka, rangi ya kijivu imepauka bila kubanduka. Ilikuwa ya zile za mwanzo zenye pointi za kuwashia cheche, kabla hazijaja za kielektroniki. Nikataja bei. Fundi hakuitazama hata hiyo mashine.

"Ile haiuzwi, mwanangu. Ile ni ghala."

Akanieleza. Kulikuwa na 070 nyingine tatu wilayani Muleba, na zote zinakula kwenye ile ya rafuni. Moja ilichukua krenki yake. Nyingine ina klachi yake. Ya tatu inasubiri koili. Ndani ya lile kava zuri mlikuwa mmebaki nusu ya mashine. "Ukiondoka nayo, unaondoka na nne. Nenda kaziangalie wewe mwenyewe, ukirudi tutaongea." Akanipa maelekezo, na koili iliyofungwa kwenye gazeti nimfikishie mwenye mashine inayoisubiri.

Asubuhi nilipanda Haisi ya Muleba. Barabara inatoka mjini ikilifuata ziwa kwa mbali, inapita Kemondo, kisha inapanda na kushuka vilima hadi Muhutwe. Kemondo watu wengi wanaijua kwa bandari. Wachache wanajua kwamba karibu na ghuba hiyo wanaakiolojia walifukua matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wahunzi wa upande huu wa ziwa walitoa chuma cha pua kwa ufundi wao wenyewe, kwa kupuliza hewa iliyopashwa moto ndani ya tanuri. Sehemu ya hadithi hiyo inayonigusa mimi mkusanyaji ni nyingine. Ili kuelewa walichokifukua, watafiti waliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma wajenge tanuri upya. Kazi hiyo ilikuwa imekufa miongo kadhaa kabla, baada ya chuma cha madukani kuenea. Wazee wakajaribu, wakakosea, wakakumbushana, na tanuri likatoa chuma. Mabaki ya udongo yaliyofukuliwa yasingeweza kusema lini mivukuto iongezwe kasi. Hilo lilikuwa kwenye vichwa na mikono ya wazee.

Baada ya Muhutwe nikashuka na kuchukua bodaboda kupanda Kamachumu. Huku nchi imegawanyika mara mbili waziwazi. Kuna vibanja, mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, udongo mweusi uliolishwa samadi na majani kwa vizazi. Na kuna rweya, nyanda za nyasi juu ya vilima, udongo mwembamba usiozaa ndizi. Zamani rweya ilikuwa ya kulishia ng'ombe na kukata nyasi za kutandazia kibanja na kuezekea msonge. Leo sehemu kubwa imevaa misindano na mikaratusi, na kila kipande kina mwenyewe. Mtu anapanda miti leo kwa ada ya shule ya mwanawe, na mwana akifika sekondari miti inashuka. Baada ya tetemeko la Septemba 2016 lililobomoa nyumba nyingi Bukoba na vijiji vya jirani, mbao na mirunda ya ujenzi ilitafutwa kila kona, na rweya ikaonekana thamani yake.

Mashine ya kwanza niliikuta kwenye rweya hiyo. Vijana walikuwa wanaangusha misindano ya mtu mmoja, kibali cha uvunaji kimekunjwa mfukoni mwa kiongozi wao, kwa sababu bila karatasi hiyo, na hati ya kusafirishia mzigo, safari ya mbao inaishia kwenye kizuizi cha kwanza cha Wakala wa Huduma za Misitu. Walikuwa wanatumia msumeno mdogo wa kisasa. 070 yao ilikuwa kivulini imefunikwa gunia.

"Mbona mmeilaza?"

"Kaka, hebu shika huo mti," akasema kiongozi wao.

Nikaukumbatia msindano uliokuwa karibu. Mikono yangu ikakutana upande wa pili na kupitana.

"Sasa ile upanga wake ni mrefu kuliko mti. Ukiingiza, inatokea upande wa pili inatafuta mguu wa mtu." Hutolewa tu pale mwenye kibanja anapoita wamwondolee mti mkubwa wa zamani uliokaribia paa la nyumba. Hapo vijana wote wanataka kuishika, na wengi wanairudisha haraka. Mpini wake umefungwa moja kwa moja kwenye injini. Haina vile vipande vya mpira ambavyo mashine za baadaye ziliwekewa ili kuzuia mtetemo usifike mikononi. Haina pia breki ya cheni, iliyokuja kuwekwa kwenye misumeno kuanzia miaka ya 1970, ya kuisimamisha cheni upanga unaporuka kumfuata mshikaji.

Mtetemo huo niliuona alama zake kwa mwenye mashine ya pili, yule niliyebeba koili yake. Ni mzee wa kibanja kilichoinama kuelekea ziwani, visiwa vya Bumbire vikionekana kwa mbali. Alinipokea kwa kahawa ya kutafuna, mbuni zilizochemshwa na kukaushwa, mkononi mwake vidole viwili vikiwa vyeupe kama vya mtu aliyeshika barafu, ingawa ilikuwa adhuhuri.

"Hivi ni vya chenso, waitu," akasema. "Baridi ikianza, havinisikii."

Alianza kazi kabla ya injini, na msumeno wa kuvutana. Gogo lilipandishwa juu ya jukwaa la miti, mtu mmoja akasimama juu, mwingine chini, wa chini akila unga wa mbao mchana kutwa. Walipasua mivule na misizi. Huo msizi, mti mrefu uliozoea kukua wenyewe katika misitu ya upande huu, wataalamu waliupa jina la Maesopsis eminii kwa heshima ya Emin Pasha, daktari yuleyule aliyeanzisha boma la Bukoba mwaka 1890. Mzee hakuwa na haja na Emin. Alichokumbuka ni kwamba msizi ulipasuka kwa urahisi na mvule ulikuwa mgumu lakini haukuliwa na mchwa. Alipoinunua 070 katika mnada wa vifaa chakavu, kazi ya siku mbili za watu wawili ikawa ya asubuhi moja.

"Ikamaliza miti?" nikamuuliza.

Alitafuna kahawa kwanza. "Chenso haimalizi miti. Aliyeishika anamaliza. Lakini niseme kweli, tata: tungekuwa bado tunavutana, mivule mingine ingekuwapo."

Tukafunga ile koili pamoja. Alipima nafasi kati ya koili na gurudumu la sumaku kwa kipande cha karatasi ngumu, akakaza skrubu, akachomoa karatasi. Plagi ikatoa cheche ya buluu. Mvuto wa tatu wa kamba, mashine ikanguruma, kuku wakatawanyika, na mke wake akatoka jikoni akamwambia aizime kabla hajamwamsha mjukuu. Mti wa kukata hakuwa nao siku hiyo, wala mwezi huo. Alitaka tu ijibu ikiitwa.

Hapo nikajiona nimempata mkusanyaji mwenzangu wa Kagera, ingawa mwenyewe hajioni hivyo. Anaiweka mashine kwa sababu imemlisha, si kwa sababu ni adimu. Na tofauti kati yake na wale wa Ulaya iko mahali pamoja: wao huitaka mashine yenye kila kipande chake cha kuzaliwa. Ya mzee ilikuwa na krenki yake, koili ya Bukoba, pistoni ya Kichina na mpini uliochomelewa na fundi baiskeli. Kwa kipimo cha mnada wa Ujerumani haina thamani. Kwa kipimo cha kibanja kile, ni 070 ile ile.

Mashine ya tatu ndiyo pekee niliyoikuta kazini. Ilikuwa mwaloni, chini kabisa Muleba, kwa watu wanaounda mitumbwi ya mbao. Nilidhani nitaambiwa tena kwamba imekuwa kubwa mno. Fundi mitumbwi akanielewesha. Mbao za dukani zimekatwa futi 12, kwa sababu ndivyo mashine za kupasulia na malori vinavyotaka. Mtumbwi wa uvuvi unataka ubao mrefu zaidi ya hapo, usio na kiungo mahali ambapo wimbi hupiga. Ubao huo hupatikana kwa kuufuata mti ulipo, kuulaza, na kuupasua kwa urefu wake wote palepale. Kazi hiyo inataka injini inayoweza kuvuta kwa nguvu, polepole, muda mrefu bila kuchemka, na msumeno mdogo wa vijana wa rweya hauwezi.

Alinionyesha cheni yake. Cheni ya kukatia mti hunolewa meno yake yakiwa yameinama nyuzi 30 hivi. Ya kupasulia ubao kwa urefu huinamishwa 10 hivi tu, kwa sababu inakwenda sambamba na nyuzi za mti badala ya kuzikata. Jino lenyewe lina asili ya ajabu. Mwaka 1946 mkataji magogo wa Oregon, Marekani, Joseph Cox, alimtazama buu wa mbawakawa akitafuna mti mgumu kulia na kushoto bila kuchoka, akaunda cheni yenye meno yanayoiga taya zake. Karibu kila cheni ya leo inatokana na wazo hilo. Fundi mitumbwi, tupa ya duara ya milimita 5.5 mkononi, aliipitisha kwenye kila jino mara tatu, mara tatu, kulia kwanza, kisha kushoto, bila kuzungumza na mtu. Kisha akapiga mstari kwenye gogo kwa uzi uliochovywa kwenye oili chafu, akawasha, akauingiza upanga. Mlio wa 070 ni mzito na wa chini. Unausikia tumboni kabla ya masikioni. Ubao uliotoka ulikuwa mrefu kuliko lori lililokuwa limeegeshwa kando yake, na unene wake haukutofautiana kwa jicho toka mwanzo hadi mwisho. Hakuwa na reli wala kipimo zaidi ya ule mstari.

Nilirudi Bukoba nikiwa nimeelewa kwa nini fundi alinituma. Mimi nilikuwa nimekuja kuokoa mashine. Mashine hazikuhitaji kuokolewa na mimi. Ziko nne, zinagawana vipande, na spea za kuiga kutoka China zitaendelea kuziba mapengo. Kinachopungua ni miti inayozistahili, na sambamba nayo, watu wanaojua kuzisikiliza. Kijana wa karakana anafungua misumeno midogo kutwa. Akija kurithi ile meza, 070 zitakuwa makopo mazito tu, kama matanuri ya Kemondo yangekuwa rundo la udongo bila wale wazee.

"Umeziona?" fundi akaniuliza.

"Nimeziona, mzee. Siitaki tena ile ya rafuni."

Badala yake tukakubaliana. Mimi nitamtafutia Mwanza na Dar es Salaam sili za krenki, ringi na viwambo vya kabureta, vitu vinavyomtesa kuvipata. Yeye atanieleza, hatua kwa hatua, namna anavyoifungua, anavyoipima na kuisikiliza 070, nami nitaandika katika madaftari mawili: moja langu, jingine la kijana wake. Siku ile mwenye mashine ya mwisho atakapoitupa yake, kava la rafuni litakuja kibandani kwangu likiwa tupu, na daftari litakuwa na kilichokuwa ndani.

Tukaanza jioni hiyohiyo. Nilitega kalamu nikisubiri kabureta, skrubu zake mbili na mizunguko yake. Fundi akavaa miwani.

"Andika. Mteja akija na kusema mashine imepoteza nguvu, usiguse kabureta."

"Nianze na plagi?" kijana akauliza.

"Anza na tupa. Noa cheni kwanza, kisha muulize kama bado haina nguvu. Nusu ya injini ninazoletewa hapa ni nzima."